Sweta Waliyoiita ya Filda

Filda Atim alipokufa, mimi nilikuwa nimebakiza mistari minne kumaliza kola. Simu ililia Alhamisi saa nne asubuhi, tumekaa barazani kwa Mama Zawadi pale Kamwokya, wanawake wanne wazee na vikapu vyetu vya nyuzi, chai ya tangawizi mezani, na aliyepiga akanieleza kwa sauti ya kunihurumia kwamba rafiki yangu wa ujanani ametutoka. Nikamshukuru. Nikaweka simu mfukoni, nikafuma mistari yangu minne bila kukosea hata kitanzi kimoja, nikafunga, nikakata uzi. Ndipo nikawaambia wenzangu. Mama Zawadi ni Mkongo wa Bukavu, anauza vitenge, na machozi yake yako karibu siku zote. Akaweka sindano zake chini. "Pole sana, mama. Mulikuwa marafiki?" Nikamjibu, "Alikuwa mwizi. Nimiminie chai."

Sijui kama mtu ambaye hajazeeka anaweza kuielewa raha ya kufuma. Miaka thelathini nilifuma sweta za shule kwa mashine, kibandani Nateete, na mashine haina raha yoyote: unasukuma kwenda, unasukuma kurudi, rangi ni ile ile ya shule ile ile, jioni mgongo unakuambia ulichofanya. Siku nilipoiuza nilirudi kwenye sindano mbili, na hapo ndipo nikaanza kuishi. Magoti yangu yamekufa lakini vidole bado havijapata habari. Napenda kuchagua uzi sokoni nikiubana kati ya vidole huku muuzaji ananikasirikia. Napenda jinsi kazi inavyorefuka mapajani na kunipa joto kabla haijawa nguo ya mtu. Napenda umbea wa barazani, kwa sababu mtu anayefuma hakutazami usoni, kwa hiyo unamwambia mambo ambayo usingemwambia padri. Na ipo raha moja ambayo sikuwahi kuisema. Mikono ikishajua njia, kichwa kinabaki huru, na kichwa changu kikiwa huru kilikuwa kinakwenda kwa Filda. Nimefuma mablanketi mazima nikimlaani. Yalitoka mazuri sana.

Mwaka wa wizi wenyewe nilikuwa na miaka kumi na minane. Tuliishi katika kambi ya polisi, ndani ya vile vibanda vya bati vya mviringo ambavyo kambini viliitwa mama ingia pole, kwa sababu mlango ni mfupi na mama mwenye mtoto mgongoni sharti ainame aingie taratibu, la sivyo anampasua mwanawe kichwa. Ndani ni chumba kimoja, pazia katikati, kitanda upande huu, majiko na masufuria upande ule. Jua likiwaka bati linalialia. Mvua ikinyesha hamsikilizani, na palipo na tundu la msumari panachuruzika. Siku zisizo na mvua tulisikia kila neno la majirani: nani kapandishwa cheo, nani kapigwa na mkewe, nani kapata sukari na kwa njia gani. Sukari yenyewe mwaka ule tuliijua kwa kusikia. Tulikunywa chai kavu, tukala posho, ugali wetu wa mahindi, na maharage siku sita, na Jumapili mama akipata simsim tulikula malakwang, mboga chachu ya kwetu kaskazini, tukalamba vidole mpaka vikawa vyeupe. Madukani hapakuwa na kitu. Ukitaka uzi wa kufumia, ulitafuta sweta kuukuu ya mtu, ukaifumua.

Uzi wangu ulitoka kwa Mama Okot, mke wa sajini, jirani yetu wa bati kwa bati. Alipojifungua mtoto wake wa sita mimi ndiye niliyemchotea maji wiki tatu, nikamfulia, nikampikia uji, na siku alipopata nguvu akaniita. Katika beseni, chini ya nepi zilizolowa, palikuwa na jezi ya kaki ya mumewe, sweta ya sare ya polisi. Sasa hapa lazima mjue sheria ya kambi. Jezi si yako, ni ya serikali; ukipewa mpya unarudisha kuukuu stoo, hata kama imebaki kola tu. Mama Okot alikuwa amewaambia wa stoo kwamba ile kuukuu iliungua kwa pasi ya mkaa. "Fumua haraka, mtoto wangu," akaninong'oneza. "Wakijua, sisi wote tunalala barabarani." Nikaifumua siku hiyo hiyo nyuma ya pazia, nikaufua uzi, nikautundika na jiwe zito chini ili unyooke. Kisha nikauchemsha na maganda ya vitunguu niliyoyaomba kwa wauza mboga, kila siku kiganja kimoja, mpaka ukaacha kaki na kuwa rangi ya kahawia yenye wekundu ndani yake. Sindano zilikuwa spoki mbili za baiskeli. Nilizinoa kwenye saruji ya bomba la maji, nikazipaka mafuta ya kula.

Filda alikuwa binti ya Inspekta. Wao walikaa kwenye nyumba ya matofali yenye madirisha ya vioo, ng'ambo ya bomba, lakini mchana wote alikuwa kwetu. Nisiseme uongo, nilimpenda. Alikuwa mcheshi, mwigaji wa sauti za maafande, na alikula odii yetu, ile siagi ya karanga na simsim, kwa kidole moja kwa moja kutoka kwenye kopo, mama yangu akacheka tu. Nilimfundisha kufuma kwenye uzi wa mabaki. Mkono wake ulikuwa unakaza kupita kiasi: kitambaa alichofuma kilisimama chenyewe kama kadibodi. "Filda, legeza, humfungi mbuzi," nikamwambia, na tukacheka mpaka Mama Okot akagonga bati. Sote wawili tulikuwa tumeomba nafasi ya kazi za mikono katika chuo cha ualimu, na sote wawili barua zikaja: usaili siku fulani, na kila msichana aje na vazi moja alilolitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Hapo Filda akaacha kucheka. Mimi sweta yangu ya uzi ule ilikuwa imeshafika kwapani.

Niliimaliza siku mbili kabla. Ilikuwa na mkanda wa misuko mitatu kifuani, kola ya kukunja, na ndani, mahali ambapo watu wengi huacha mikia ya nyuzi ikining'inia, nilikuwa nimeificha yote mpaka usingeweza kujua uzi ulianzia wapi. Nilipoivaa, mama alikaa kitandani akanitazama tu, akasema, "Basi, Keti wangu, wewe utakuwa mwalimu." Jioni hiyo mvua ikaanza, tundu la msumari likafunguka juu ya sanduku letu, na Filda, aliyekuja kuiona, akasema wao wana sanduku la bati lenye kufuli, chumba kikavu, niiache kwao mpaka asubuhi ya usaili. Mchawi mpe mwana akulelee. Nilimpa, na nikamwambia asante.

Asubuhi hiyo nilipofika kwao, mama yake alikuwa anakaanga mayai. Bado nakumbuka harufu, kwa sababu mayai sisi tuliyaona Krismasi. "Filda alishatoka," akasema bila kugeuka, "amepanda gari ya polisi na sweta yake." Sweta yake. Sanduku lilikuwa wazi, na ndani mlikuwa na kile kitambaa chake cha kadibodi. Nikaenda kwa miguu, nusu natembea nusu nakimbia, na viatu vya kuazima. Nilipofika, wasichana walikuwa wamekaa kwenye benchi refu ukumbini, Filda wa tatu, sweta yangu imekunjwa vizuri magotini kwake. Nikainama. "Nipe sweta yangu." Hakunitazama. Akazungumza Kiswahili chetu cha kambini, polepole, akitabasamu ili wengine wasijue. "Keti, wewe usianze maneno hapa. Sema ni yako, sema sasa hivi. Halafu hawa watu itauliza uzi ilitoka wapi. Mama Okot iko na watoto ngapi? Sita?"

Aliyajua yote. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia, nikijisifu, tukifuma. Nikaenda kukaa mwisho wa benchi. Mlango wa chumba cha usaili waliuacha wazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Siku hizo hawakukutaka ufume mbele yao. Walipapasa, wakapindua ndani, wakatazama mishono. Mama mmoja mzee mwenye miwani akaipindua sweta yangu, akafuata mishono kwa kidole, akasema, "Binti, nani alikufundisha kuficha nyuzi namna hii?" Na Filda akajibu, "Nilijifundisha mwenyewe, madam." Nimesikia mabaya mengi maishani, nimesikia risasi, nimesikia daktari akiniambia habari za mume wangu. Hakuna sauti inayonirudia kama ile. Zamu yangu ilipofika, mama yule yule akanitazama mikono. "Kazi yako iko wapi?" Nikasema nimeisahau nyumbani. Akapumua kwa huruma, akaandika jambo fupi, akaniambia niende.

Ndivyo Filda alivyokuwa mwalimu, halafu mwalimu mkuu, halafu yule mama mstaafu anayeitwa mbele kwenye kila harusi. Mimi nikawa Keti wa sweta. Wapo watakaosema, kwa nini hukusema baadaye? Niseme kwa nani? Sajini Okot aliendelea kuvaa kaki miaka kumi na moja zaidi. Alipostaafu, nilikuwa na watoto wanne na kibanda, na nani atakaa asikilize kesi ya sweta? Niliwahi kukutana na Filda mara tatu, akanikumbatia mara zote tatu, "Keti wangu!" huku akinukia manukato, na mara zote tatu nilisubiri neno moja. Halikuja. Nilikwenda hata kwenye maziko yake, na sitaki kuwadanganya kwamba nilikwenda kulia. Nilikwenda kuhakikisha.

Wiki tatu baada ya maziko, binti yake akaja barazani. Anaitwa Skovia, anafundisha chuo kikuu cha Kyambogo, mwanamke wa miaka arobaini na kitu mwenye uso wa mama yake na adabu ambayo sijui aliitoa wapi. Alipiga magoti kunisalimu, kwenye saruji, na sketi yake nzuri. Alikuwa na mfuko. Ndani mlikuwa na sweta ya zambarau ambayo Filda alikuwa anamfumia yeye: mgongo umekwisha, kifua kimekwisha, mkono mmoja umekwisha, na mkono wa pili umeanzwa, vitanzi bado viko kwenye sindano. "Anti Keti, siku ya misa ya kumbukumbu tunataka kuiweka mbele, watu waione kazi ya mwisho ya mama. Nimeambiwa hakuna anayefuma kama wewe. Ukiimalizia, hakuna atakayejua mkono upi ni wa nani." Nikamuuliza alivyonifahamu. "Mama alikuwa anakutaja," akasema, akafurahi kunipa zawadi hiyo. "Alisema mlijifunza kufuma pamoja kambini, ila wewe ulikata tamaa. Alisema siku ya usaili ulikwenda mikono mitupu, akakuhurumia sana. Hadithi ya sweta yake ya kahawia tumelelewa nayo. Nimeiandika kwenye wasifu, nitaisoma siku hiyo."

Nilikata tamaa. Alinihurumia. Nikapokea mfuko kwa mikono miwili, kama mtu mwenye heshima zake, nikamwambia arudi baada ya wiki mbili.

Alipoondoka, wenzangu wakaacha kufuma. Mama Zawadi alishaijua habari yote, nilikuwa nimemsimulia siku ile ya simu. "Mama Keti, ule amekwisha kufa," akasema. "Malizia tu mutoto wa watu mukono wake. Mungu ataona." Nikamwambia Mungu alikuwa anaona hata kwenye benchi lile, na hakusema kitu. Nikachomoa sindano, nikashika mkia wa uzi, nikavuta. Oo, jamani! Ile sauti ndogo ya vitanzi vinavyofunguka, trrr, mstari mmoja, mstari wa pili, uzi unakuja mkononi umejikunja, bado una umbo la vidole vyake. Ningeweza kuifumua sweta nzima kabla chai haijapoa. Ila macho ya fundi hayana adabu, yanaangalia hata usipotaka, na mimi nikaiangalia kazi. Ilikuwa nzuri. Mkono wake ulikuwa umelegea. Nikapindua ndani: hapakuwa na mkia wa uzi hata mmoja unaoonekana. Alikuwa amejifunza, tena alijifunza kwangu, kwa kuipindua ile sweta ya kahawia na kuisoma. Basi angeweza! Angekaa na mimi wiki tatu nyuma ya pazia angeweza, na tungekwenda wawili, kila mmoja na yake. Hilo lilinikasirisha kuliko wizi wenyewe. Nililia, ndiyo, mbele za watu, kwa hasira, nikapenga kamasi kwa uzi wa zambarau.

Halafu nikatulia, nikafikiri. Nikiifumua, Skovia atalia, watu watasema kizee kina wivu, na Filda atabaki vile vile. Nikiimaliza, tena vizuri, kwa maana mimi siwezi kufuma vibaya hata nikitaka, kazi yangu itaitwa yake kwa mara ya pili, safari hii mbele ya madhabahu. Nikaiona njia ya tatu, nikacheka mwenyewe, Mama Zawadi akaogopa. Nikarudisha ile mistari miwili niliyoifumua, kitanzi kwa kitanzi, kama alivyoiacha. Nikaushona mgongo na kifua pamoja. Nikaupachika ule mkono mmoja aliomaliza. Kile kipande cha mkono wa pili, upana wa vidole vinne, nikakifunga pale pale alipokomea, nikakipachika begani. Nikaifua, nikaitandaza juani, nikaikunja.

Skovia alipoifungua, akaigeuza mbele na nyuma. "Anti, na mkono mwingine?"

"Mkono mwingine ni kazi yangu," nikasema. "Mama yako amefuma mpaka hapo. Kazi yangu haitatumika tena kwa jina lake. Alishaitumia mara moja." Nikamketisha, nikamweleza yote, jezi, maganda ya vitunguu, sanduku, benchi, watoto sita wa Mama Okot. Sikupandisha sauti. Alisikiliza akiwa ameshika lile bega lililokatika. Mwishoni akaniuliza, "Kwa nini hukusema akiwa hai, ajitetee?" Nikamjibu, "Yeye kwa nini hakusema akiwa hai? Muda wote alikuwa nao, na mdomo alikuwa nao." Akasimama akaondoka bila kuaga, yule aliyepiga magoti. Niliumia? Kidogo. Zaidi nilihisi mwepesi, nikala chakula cha mchana sahani mbili.

Siku ya misa nilikwenda. Mama Zawadi akanisindikiza, ananishika mkono kana kwamba nitafanya fujo. Tulikaa safu ya nne. Kanisa limejaa, walimu, wanafunzi wake wa zamani, maafande wastaafu wenye fimbo. Skovia alipoinuka kwenda mbele, minong'ono ikaanza, kwa sababu alikuwa ameivaa ile sweta: mkono mmoja wa zambarau mpaka kiganjani, mkono mwingine mtupu kuanzia begani. Alifungua karatasi yake. Akasoma kuzaliwa, akasoma shule, na mimi najua mpangilio wa mambo haya, nilijua chuo kinafuata. Kama angesoma uongo ule nikiwepo, sijui ningefanya nini, kweli sijui. Akafika. Akageuza karatasi akaiweka chini, akakishika kile kipande cha begani.

"Mama alituambia aliingia chuoni kwa sweta aliyoifuma mwenyewe," akasema. "Haikuwa yake. Aliichukua. Ilifumwa na Keti Adong, ambaye mama alimzuia kusema, na ambaye kwa sababu hiyo hakuwa mwalimu. Mimi nimelishwa na sweta hiyo, nimesomeshwa na sweta hiyo, na nimeijua kweli mwezi huu. Nampenda mama yangu. Anti Keti yuko hapa. Anti, tafadhali simama, watu wakuone."

Kanisa zima likageuka. Mzee mmoja wa safu ya mbele akaguna, mwanamke mmoja akashangaa kwa Kiganda, "Banange!", kwa sauti, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mama Zawadi alikuwa amekauka machozi, ananisukuma mgongoni. Nikashika benchi la mbele yangu, nikainuka, magoti yakalalamika, nikanyoosha gauni langu. Walikuwa wananitazama mikono. Nikaiacha waitazame. Padri akakohoa kidogo, kunionyesha kwamba inatosha, naweza kukaa.

Sikuwa na haraka.